Bledi ya Futi Sita

Ujumbe wa kwanza niliomtumia Baba kuhusu jambo hili ulikuwa picha mbili na swali moja. Picha ya kwanza: trekta dogo la rangi ya chungwa mbele ya ghala la mbao. Ya pili: njia ya kokoto inayoshuka kilima katikati ya miti iliyokwisha kupukutisha majani. Halafu swali: "Shikamoo Baba. Ungekuwa wewe, trekta hili ungelifunga bledi ya futi ngapi, ya kusukumia theluji?"

Vermont ilikuwa saa mbili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku. Moshi ilikuwa saa tisa alasiri. Jibu lilikuja kwa sauti, maana Baba haandiki.

"Marahaba mwanangu. Kwanza, trekta kakupa nani?"

Lilikuwa swali la haki. Baba aliendesha matrekta miaka 31 kwenye mashamba ya miwa kusini mwa Moshi. Kaka zangu wawili walijua kukanyaga klachi kabla hawajaota ndevu. Mimi nilipoomba kupanda, nikiwa darasa la tano, niliambiwa kiti ni kimoja. Nilipoomba tena nikiwa kidato cha pili niliambiwa ukweli: "Trekta si kazi ya kumrithisha binti. Wewe soma." Nikasoma. Nikawa muuguzi, nikaolewa, nikaachika, nikavuka bahari, na sasa nilikuwa nimesimama kwenye baridi ya Oktoba nikimpigia picha chombo kilekile nilichonyimwa. Mama, aliyekuwa akisikiliza pembeni kama kawaida, alidakia kwenye ujumbe wa pili: "Yaani umesoma yote hayo ukaendeshe trekta?"

Naishi kaskazini-mashariki mwa Vermont, jimbo dogo la vilima na ng'ombe wa maziwa linalopakana na Kanada. Zaidi ya nusu ya barabara za vijiji vyake hazina lami, kwa hiyo mtu aliyekulia Marangu hajisikii mgeni kupita kiasi, mpaka Novemba. Nimepanga nyumba ndogo iliyo ndani ya shamba la wazee wawili. Mume nitamwita Mzee, na mke nitamwita Bibi, ingawa kwa Kiingereza tunaitana kwa majina tu, jambo ambalo mpaka leo linanikwaruza ulimi. Mzee ana miaka 78. Septemba hiyo alikuwa amebadilishiwa nyonga. Bibi figo zake zimekufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anatakiwa awe kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu saa tano na nusu asubuhi, mwendo wa dakika arobaini kutoka nyumbani.

Kutoka mlangoni kwao hadi barabara ya kijiji ni mita 300. Barabara ya kijiji inasafishwa na malori ya halmashauri. Zile mita 300 ni mali yako na tatizo lako. Jamaa aliyekuwa akija na gari lake kuzisafisha kwa malipo alihamia kusini kwa wajukuu, na bledi ya zamani ya Mzee ilikuwa imepasuka fremu majira ya baridi yaliyopita. Tulikuwa mezani tukila supu ya maboga wakati Mzee alipolieleza hili, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, "Trekta nitaendesha mimi." Kodi ilipungua kwa dola 200 kwa mwezi. Lakini sitaki kudanganya, nilisema hivyo kabla ya kujua kama kodi ingepungua.

Kwa asiyejua: bledi ya nyuma ni bapa la chuma lililopinda kidogo, kama lile la greda, linalofungwa kwenye mikono mitatu iliyo nyuma ya trekta. Miwili ya chini inanyanyua kwa haidroliki, mmoja wa juu unashikilia. Haina injini, haina mkanda, haina cha kuharibika zaidi ya pini. Mashine za kurusha theluji ni nzuri, ila bei yake ingenunua gari, na zikikutana na kokoto zinageuka bunduki. Kwa hiyo bledi. Swali lilikuwa upana.

Mzee alitaka futi 5. Sababu yake ilikuwa kwamba siku zote alikuwa na futi 5. Mimi nilitaka futi 7. Sababu yangu ilikuwa saa. Zamu yangu inaisha saa moja asubuhi, nafika nyumbani saa moja na dakika arobaini na tano, na Bibi lazima awe ameondoka saa nne na nusu. Kila futi niliyoongeza kwenye bledi niliiona kama dakika ninazompa Bibi. Dukani, muuzaji aliniuliza mume wangu ana trekta la ukubwa gani. Nikamwambia mume wangu hana trekta, mimi ndiye ninalo, lina nguvu ya farasi 24. Akasema futi 7 itanifaa tu. Nadhani alitaka niondoke.

Baba hakuuliza nguvu ya farasi. Aliuliza mambo mawili: trekta lina uzito gani, na matairi yake yako mbalimbali kiasi gani. "Injini nisahaulishe," alisema. "Injini inasukuma, lakini anayeshika ardhi ni tairi. Nimeona trekta la farasi 80 likizunguka palepale kwenye tope kama mwali kwenye ngoma."

Hapa ndipo hesabu za sekondari, zile tulizokuwa tukiuliza zitatusaidia nini maishani, zilipokuja kudai heshima yao. Bledi ya nyuma haifanyi kazi ikiwa imenyooka. Ukiivuta hivyo inakusanya theluji mbele yake mpaka trekta linashindwa, au theluji inamwagika pande zote mbili, pamoja na ule uliokwisha kuusafisha. Kwa hiyo unaigeuza mshazari ili theluji iteleze kwenye bapa na kutokea upande mmoja, kama greda linavyomwaga kifusi kando ya barabara. Na ukishaigeuza, imekuwa fupi.

Nilipima trekta kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja la nyuma hadi ukingo wa nje wa jingine, minyororo ikiwemo: inchi 52. Bledi ya futi 5 ni inchi 60. Igeuze nyuzi 30, inabaki na upana wa inchi 52, sawasawa na matairi, bila hata unywele wa ziada. Igeuze nyuzi 45, kama theluji nzito inavyodai, inabaki 42. Maana yake magurudumu yanatangulia yakishindilia theluji, kisha bledi inapita nyuma yake bila kuzifikia alama. Theluji iliyoshindiliwa na tairi ikilala usiku mmoja inakuwa sementi. Bledi ya futi 6 inakupa inchi 62 kwenye nyuzi 30, na 51 kwenye 45. Futi 7 inakupa 73 na 59.

Kwa karatasi basi, futi 7 ilishinda. Nilimtumia Baba hesabu nikiwa na kiburi cha mtu aliyesoma.

"Sasa niambie," akasema, "theluji hiyo nzito kama nini?"

Sikuwa na jibu. Nimekua nikiiona theluji kila asubuhi ambayo mawingu yaliruhusu, pale juu Kibo, nyeupe kama kitambaa kilichoanikwa, na sikuwahi kuifikiria kama kitu chenye uzito. Kiswahili chenyewe kina neno moja, theluji, na hilo tulilichukua kwa Waarabu ambao nao hawakuwa nayo nyingi. Nikatafuta. Theluji mpya, kavu, huwa na kilo 100 hivi kwa mita moja ya ujazo, wakati mwingine pungufu. Iliyolowa hufika 250, 300 na kuendelea. Njia yetu ni mita 300 kwa upana wa mita 3. Ikianguka sentimita 30 ya ile kavu, hizo ni tani 27, malori manne ya tani saba. Ikiwa imelowa, ni tani 70 na zaidi. Na trekta langu, bila mtu, bila chochote, halifiki tani moja.

Baba alinyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Hapana," akasema. "Saba itakugeuza. Ukibeba mzigo kwenye ncha ndefu hivyo, mzigo ndio unaokuendesha. Mkia wa trekta utakwenda inakotaka theluji."

Mzee naye, bila kujua kwamba kulikuwa na kikao Moshi, alinipa sababu yake ya kuikataa saba: mlango wa ghala una futi 7 kamili. "Au utaiacha nje ikae na kulungu?" Basi tukakutana kwenye 6, yeye akipanda moja, mimi nikishuka moja, kila mmoja akiamini ndiye aliyelegeza.

Ilibaki uzito, na hili hakuna aliyekuwa ameniambia, nililiona mwenyewe nilipojaribu mikono ya trekta. Haidroliki ya nyuma ya matrekta madogo kama haya inanyanyua tu, haikandamizi. Ukiishusha bledi, inayoikandamiza chini ni uzito wake wenyewe. Dukani zilikuwepo za futi 6 mpya, zinang'aa, za kilo 110 hivi. Bledi nyepesi kwenye theluji laini haina neno, lakini kwenye iliyoshindiliwa inaelea juu kama mtumbwi. Tukapata nyingine kwenye tangazo la karatasi, limebandikwa ukutani duka la chakula cha mifugo: futi 6, imetumika, kutu ya kutosha, kisu chake cha chini bado kizima, kilo 190. Dola 450. Mzee aliigonga kwa fimbo yake mara mbili, akasikiliza, akatoa pesa.

Na magurudumu ya nyuma tukayajaza maji ya biti, yale masalia ya viwanda vinavyotengeneza sukari ya kiazi. Ni mazito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo 1.3, na hayagandi kwenye baridi ya kawaida ya huku. Yaliongeza kilo 70 hivi kila gurudumu. Nilipomweleza Baba kwamba trekta langu linatembea juu ya masalia ya sukari alicheka mpaka akakohoa. Miaka 31 ya miwa. "Sukari imekufuata," akasema. Nahisi siku hiyo ndipo alipoacha kuuliza nani kanipa trekta.

Theluji ya kwanza ya maana ilianguka wiki ya kwanza ya Desemba, sentimita 20, kavu. Ili Baba anielewe nilikuwa nimeanza kuipa majina: theluji ya unga, theluji ya uji, theluji ya ugali. Hii ilikuwa ya unga kabisa. Bledi nyuzi 30, gia ya chini, ninashuka kilima nikitazama nyuma begani mpaka shingo inauma, na theluji inabiringika kutoka kwenye bapa na kulala pembeni kwa mstari mmoja mrefu. Kushuka mara moja, kupanda mara moja, njia imefunguka, dakika thelathini. Ardhi ilikuwa bado haijaganda vizuri, kwa hiyo Mzee alinifundisha kuigeuza bledi mgongo mbele, ili ule mgongo wake wa mviringo uburuze badala ya kuchimba, kokoto zibaki njiani. Pale chini njia inapokutana na barabara ya kijiji, lori la halmashauri lilikuwa limeacha tuta. Kulivusha ng'ambo ya barabara ni kosa kisheria katika jimbo hili, kwa hiyo unalivuta kurudi ndani na kulitafutia mahali kwako. Nilifanya yote hayo. Bibi aliondoka saa nne na robo. Mimi nilimtumia Baba video ya sekunde arobaini na nikalala usingizi ambao sijaupata tangu nihamie huku.

Sasa nifike kwenye kosa.

Asubuhi ileile Mzee alisimama barazani na kuniambia kitu kimoja: "Sukuma mbali zaidi. Futi tatu, nne zaidi kila upande." Nilitazama njia. Ilikuwa na futi 10 safi, gari linapita bila shida, lori la gesi linapita. Pembeni kulikuwa na nyasi tu. Kwa nini nichome dizeli kusafisha nyasi? Nilikuwa nimetoka zamu, vidole vimekufa ganzi, nilitaka kitanda. Nikaitikia kwa kichwa na sikurudi.

Na Baba alikuwa amekwisha kuniambia jambo hilohilo Oktoba. Katika ujumbe mmoja mrefu, mmoja wa zile anazosahau kwamba anarekodi, alisimulia walivyokuwa wakizoa tope kwenye mifereji ya kumwagilia miwa. Vijana wapya walilimwaga tope ukingoni kabisa, kwa sababu ni karibu na kazi inaisha upesi. Mvua ikija, tope linarudi mferejini. "Usimwage ukingoni," alisema. "Ukimwaga ukingoni mwaka kesho utalikuta linakusubiri." Nilisikiliza nikiosha vyombo. Nilikiona kisa kizuri cha Baba. Sikuona kwamba lilikuwa jibu la swali langu.

Huku juu vilimani jumla ya theluji ya msimu mmoja huzidi mita mbili. Haiji yote siku moja. Inakuja kidogokidogo, na ile ya kwanza unayoiweka pembeni haiondoki. Inayeyuka juu mchana, inaganda usiku, inakuwa ukuta. Ya pili unaiweka mbele ya ya kwanza, ya tatu mbele ya ya pili. Kila mara bledi yangu ilipita palepale ilipoweza kupita, na kila mara palikuwa pamepungua kiganja kimoja. Krismasi njia ilikuwa futi 9. Katikati ya Januari ilikuwa 8. Kwenye kona, pale miti ya mepo inapobana, ilikuwa saba na nusu, kuta zinanifika kifuani, na mimi bado nasema inatosha kwa sababu gari lilikuwa bado linapita.

Dhoruba ya Februari ilianza Jumapili mchana nikielekea kazini. Usiku kucha tuliiona madirishani wodini. Nilipotoka saa moja ilikuwa imegeuka, matone makubwa mazito, na nilifika nyumbani saa mbili na nusu kwa mwendo wa kobe. Sentimita 45. Ugali. Ugali ule mgumu wa siku ya kazi.

Na ilikuwa Jumatatu. Sisi wauguzi tunaijua Jumatatu. Mgonjwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki ana pengo moja refu, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, na mwisho wa pengo hilo ndipo maji yamejaa mwilini na potasiamu imepanda, na potasiamu ikipanda kupita kiasi moyo unaweza kusimama bila kuaga. Mtu anaweza kukosa Jumatano akapona. Jumatatu hukosi.

Nilishusha bledi nyuzi 30. Mita sitini za kwanza, kwenye uwazi karibu na nyumba, zilikwenda. Kwenye kona theluji ilitoka kwenye ncha ya bledi, ikagonga ukuta wangu wa barafu, na haikuwa na pa kwenda. Ikarudi. Ikamwagika nyuma ya bledi kwenye njia niliyotoka kuisafisha. Nikainyoosha bledi nivute moja kwa moja. Trekta likavuta mita nne na magurudumu yakaanza kuzunguka, minyororo ikichimba. Nikanyanyua, nikapita juu, nikashusha tena. Nikajaribu nyuzi 45, nikidhani ikipita kwa wembamba itapata upenyo. Gurudumu la kulia likapanda rundo, mkia wa trekta ukateleza kushoto kama alivyosema Baba kwamba bledi ya futi 7 ingefanya, na gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Saa tatu na dakika ishirini. Nilizima injini. Kimya cha theluji inayoanguka ni kimya cha namna yake, kama umefunikwa blanketi kichwani.

Nimefikiria sana kuhusu hiyo futi moja. Bledi ya futi 5 isingenitoa. Ya 7 isingeingia hata kwenye kona. Mwezi mzima wa Oktoba nilikuwa nimepima chuma, nyuzi kwa nyuzi, na sikuwahi kupima mahali pa kuiweka theluji ya Februari.

Nilipanda kilima kwa miguu, theluji ikinifika juu ya magoti. Mzee alikuwa dirishani. Hakusema neno kuhusu futi tatu, nne zaidi. Alikwisha kumpigia jirani mfugaji mwenye trekta kubwa, na jirani alikuwa amesema atakuja akimaliza kukamua. Ng'ombe hawasubiri figo za mtu, na sikumlaumu. Nilipiga simu kitengo cha kusafisha damu, nikaongea kama muuguzi na muuguzi. Wakapata kiti cha saa kumi jioni. Kisha nikakaa karibu na Bibi nikijifanya nakunywa chai. Nilihesabu pumzi zake. Nilitazama vifundo vya miguu yake vilivyojaa juu ya soksi. Nilimuuliza amekula nini tangu jana, akaniambia, halafu akaniambia, "Acha kunitazama kama saa."

Jirani alifika saa tano na nusu. Ndoo ya trekta lake ilikuwa pana kuliko njia yetu, na hicho ndicho alichokisema kwanza, akiwa ameketi juu huko kwenye kibanda chenye hita: "Nani aliyeacha njia ikawa hivi?" Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Alivunja kona, akanivuta mtaroni kwa mnyororo, akafungua mpaka chini. Saa saba tulitoka. Niliendesha mwenyewe, Bibi pembeni yangu amefumba macho, na kila alipofumba kwa muda mrefu nilisema jambo la kipuuzi ili anijibu. Alikaa kwenye kiti saa kumi. Alimaliza saa mbili usiku. Tulirudi tukila biskuti za chumvi ambazo hakutakiwa kula, na mimi, mtaalamu, sikumnyang'anya.

Hakufa. Naliandika hivyo wazi kwa sababu najua msomaji ameanza kulisubiri. Yaliyotokea ni kwamba alikaa muda wa saa nne na nusu zaidi ya alivyotakiwa akiwa na sumu mwilini, kwa sababu Desemba nilikuwa na usingizi.

Jumanne na Alhamisi, siku zangu za mapumziko, nilitumia kuvunja kuta. Bledi haikuweza, barafu ya miezi miwili inaicheka. Nilitumia ndoo ya mbele, kidogokidogo, nikimega na kubeba mpaka nyuma ya ghala, na huko nyuma ile bledi nzito ya kilo 190 ikawa na kazi nyingine ambayo hatukuinunulia: ndoo ikijaa mbele, mkia wa trekta unataka kunyanyuka, na uzito wa bledi unaukalisha chini. Siku mbili, mita 300, pande zote mbili, futi nne kila upande. Mikono ilitetemeka mpaka zamu ya Ijumaa nikashindwa kufungua kifuniko cha dripu, nikamwomba mwenzangu.

Baba nilimweleza yote Jumapili. Sikumficha hata kipande cha kisa cha mifereji. Nilingoja aniambie "nilikuambia." Alichosema ni kwamba mwaka 1994 aliangusha trekta la mwajiri kwenye mfereji mkuu, na siku tatu aliogopa kurudi nyumbani, na kwamba Mama hajui mpaka leo kwa nini alilala kwa shangazi yangu wiki ile. Nilisikia mlango ukifunguliwa nyuma yake. Akakata simu.

Theluji zilizobaki, na zilikuwa tano, nilizisukuma mbali. Nilianza kabisa nje, kwenye nyasi, kabla sijagusa katikati. Zilichukua dakika hamsini badala ya thelathini.

Aprili vyote viliyeyuka kwa wiki mbili na njia ikawa tope, kama Rombo mwezi wa masika. Nyasi za pande zote mbili zilikuwa zimejaa kokoto nilizozisukuma majira yote ya baridi. Mahali pengine zilikuwa nyingi nyasini kuliko njiani. Mei ardhi ilipokauka Mzee alisema bledi itazirudisha, lakini yeye nyonga bado, na mimi kusawazisha barabara sikuwa nimewahi. Nikaegesha simu kwenye bomba la usukani kwa mpira wa kufungia nywele, nikampigia Baba kwa video. Huko ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni. Aliweka miwani. Bibi alikuwa amekuja na kigari chake cha kutembelea mpaka ukingo wa njia, akaketi juu yake, akampungia mkono mtu asiyemfahamu kwenye kioo.

"Hiyo sasa," alisema Baba, "ni kazi ninayoijua. Geuza simu nione kisu. Enhe. Upande wa kulia ushushe inchi mbili. Fupisha mkono wa juu kidogo. Usiende bado. Nimesema usiende, wewe mtoto. Tazama nyuma kwanza."